Udongo Laini Nyuma ya Banda Dogo

Vatukasi, Guadalcanal
29 Aprili 1984

Kaka Leonsio,

Barua yako ya pole ilifika, na lile shati ulilompelekea Baba lilifika siku hiyo hiyo. Limechelewa wiki saba. Nimelikunja nikaliweka. Mareta aliomba alilalie mpaka harufu ya Suva iishe, nikamkubalia. Binti yako hajambo. Ameng'oka jino la mwisho la utoto, na mwalimu anasema anasoma vizuri ila anaongea sana. Nikamwambia mwalimu, hilo amelitoa kwa baba yake.

Nyumba haijazoea. Mvua ikinyesha juu ya bati bado tunanyamaza na kuongea kwa mikono mezani, kama alivyotufundisha Baba, kisha nageukia kiti chake ili nione anaashiria nini. Unakumbuka alivyokuwa akiomba chumvi? Kidole kwenye ulimi. Shemeji yako Benedik naye ameiga, na Anyesi wetu, miaka mitano tu, anadhani ni lugha ya Kimalaita.

Siku ya mia tangu Baba afariki itaangukia Jumamosi tarehe 16 Juni. Watu wa ukoo wa Mama wote watakuja, na ndugu za Baba watavuka kutoka Malaita. Shida yangu ni moto. Unajua Baba hakuruhusu moto popote ila kwenye lile zege waliloliacha wanajeshi mbele ya banda kubwa, na pale panaenea sufuria nne tu. Nguruwe watakuwa watatu. Benedik anasema tupike kidogo kidogo, zamu kwa zamu. Mjomba Alfonsi anasema mjomba wa watoto ndiye mwenye neno kwenye ardhi hii, kwa hiyo niandike nikuulize wewe. Basi nimeuliza.

Mdogo wako,
Emarita


Suva
17 Mei 1984

Mdogo wangu Emarita,

Sitaweza kuja. Meli mbili ziko juu ya chelezo zikingoja kutengenezwa, na fundi mwenzangu amevunjika mguu. Nimeomba ruhusa mara mbili. Mara ya pili bosi aliniuliza, "Baba yako alishazikwa, sivyo? Sasa unakwenda kufanya nini?" Niliondoka, maana ningempiga.

Kuhusu moto. Dada, mimi nimechoka na lile zege. Nilisoma miaka sita kule misheni, na kila Jumatatu wenzangu walikuwa wananingoja mlangoni: "Enyi watu wa bati, nguruwe wenu mnamchoma au mnamlehemu?" Watu wengine wana majiko yao ya mawe, moshi unatoka ardhini, harufu ya majani inafika barabarani. Sisi tulipika juu ya sakafu ya wanajeshi kama tunangoja amri. Nilimwuliza Baba sababu, akasema, "Kwa sababu nimesema." Nilikuwa na miaka kumi na minne. Sikumwuliza tena kitu.

Kwa siku ya mia apikiwe kama mtu. Mchimbe motu ya kweli, shimo refu la kupikia lenye mawe ya mtoni. Mwambie Benedik achimbe nyuma ya banda dogo, kati ya ukuta na mshelisheli. Pale udongo ni laini, nilikuwa nachimba nyungunyungu wa chambo kwa mkono mtupu. Kwingine kote ni kokoto za Wamarekani, atavunja jembe. Neno langu ni hilo, na Mjomba Alfonsi mwambie hivyo.

Mwambie Mareta aache kulalia shati la marehemu. Nitamletea gauni Krismasi.

Kaka yako,
Leonsio


Vatukasi
24 Juni 1984

Kaka yangu,

Simu ya maandishi ilikufikia Jumatatu, Padri ameniambia. Maneno yale kumi na mawili ni yeye aliyeyachagua. Mimi sikuweza hata moja.

Tulimzika Mareta Jumapili, kesho yake, karibu na Mama na Baba. Wanawake wa ukoo walimwosha, nami nilikuwepo tangu mwanzo mpaka mwisho. Uso wake ulikuwa mzima. Nakuambia hilo kwa sababu najua ndilo utakalotaka kuuliza kwanza na usithubutu.

Lilikuwa kombora la vita, chini ya motu. Mawe yalikuwa yameshaanza kuwa meupe kwa moto. Wengine walioumia ni Benedik, ambaye amepoteza vidole viwili vya mkono wa kulia na sikio moja halisikii, na mzee mmoja wa Malaita aliyekatwa mguuni na kipande cha bati. Mareta hakuteseka. Daktari ameniapia.

Motu ilichimbwa upande wa barabara, karibu na lango. Watu walikuwa wengi, ikaonekana ni rahisi kubeba kuni kutoka barabarani. Hakuna aliyejua.

Kaka, kula. Najua huli.

Emarita


Auki, Malaita
8 Julai 1984

Mama Anyesi,

Usicheke mwandiko, huu ni mkono wa kushoto. Ndugu yangu alitaka kuniandikia, nikaona atawatangazia watu sokoni.

Nimefika salama. Kidonda kinakauka. Sikio linapiga kengele mchana kutwa, nimekuwa kama kanisa.

Nimefikiria ulichoniambia hospitali, kwamba umemwandikia kaka yako kuwa nilichimba kando ya barabara. Uliniomba nisikasirike. Sijakasirika. Nilichimba pale pale alipotaja, nilipima hatua kutoka ukutani kwa sababu wewe ulinisomea barua mara mbili. Udongo ulikuwa laini kama alivyosema. Nilifurahi hata, nilisema, "Leonsio anaijua nyumba yake." Lakini mtu aliyempoteza binti hawezi kuambiwa kwamba ni mkono wake uliomwonyesha mwenye jembe mahali. Mimi nimebeba magunia ya kopra maisha yangu yote. Acha nibebe na hili. Kwangu ni zito, kwake litamwua.

Ila kukaa huku kujiuguza kusizidi mwezi. Anyesi anauliza nini juu yangu?

Benedik


Suva
15 Julai 1984

Emarita,

Nimeisoma barua yako kila siku kwa siku kumi kabla ya kukujibu, ili nisiandike kwa hasira. Hasira haijaisha, kwa hiyo naandika.

Nilitaja mahali. Nilisema nyuma ya banda dogo, kati ya ukuta na mshelisheli. Niliandika kwa wino. Mumeo akaona ni mbali kubeba kuni! Kwa uvivu wa hatua hamsini, mtoto wangu yuko ardhini. Kama angesikia neno moja tu la mwenye neno, leo Mareta angekuwa anaongea sana darasani.

Sitaki nguruwe wa fidia. Sitaki pesa za kauri za ndugu zake. Namtaka aondoke kwenye ardhi ya Mama. Nimemwandikia Mjomba Alfonsi kwamba Benedik alipewa mahali akachimba kwingine, na kwamba mimi, mjomba wa Anyesi, sikubali mtu huyo alale tena chini ya bati la baba yangu. Wewe na mtoto mbaki. Nyumba ni yenu. Yeye arudi kwao Malaita akachimbe anapotaka.

Usinitetee huyo mtu.

Leonsio


Vatukasi
2 Agosti 1984

Kaka,

Nakuomba ungoje. Nakuomba tu, bila sababu, kama nilivyokuwa nikikuomba usiniache nyuma njia ya mtoni. Benedik alimpenda Mareta. Alimtengenezea kitanda cha mbao za masanduku ya jeshi, herufi zikiwa juu, ili ajifunze kusoma kabla ya kulala. Usiandike tena kwa wazee mpaka uwe umekuja mwenyewe.

Emarita


Auki
20 Agosti 1984

Mama Anyesi,

Mjomba Alfonsi alivuka mwenyewe, kwa heshima yake. Alikaa nami kwenye mkeka, akala muhogo, akaulizia sikio, ndipo akasema. Kikao kimekaa. Nisikanyage ardhi yenu. Nikimtaka mtoto, aletwe bandarini Honiara nimwone hapo, kisha arudishwe.

Nikamwuliza, "Mjomba, na mke wangu alisema nini kikaoni?"

Akasema, "Nilimwuliza mbele ya wote: kaka yako anasema alitaja mahali, mumeo akachimba kwingine. Ni kweli? Akaangalia chini. Mwanamke akiangalia chini, sisi tufanye nini?"

Silaumu. Mimi ndiye niliyesema nitabeba. Ila sikujua ni mzigo wa kutembea nao mpaka mwisho. Nilidhani kuna mahali pa kuutua.

Namtumia Anyesi yale makobazi yake, nimeyashona. Nimeyashona kwa mkono mmoja na meno, kwa hiyo yana alama.

Benedik


Vatukasi
9 Septemba 1984

Kaka yangu Leonsio,

Kaa chini kabla ya kusoma. Kama kuna mtu wa kwetu huko Suva, mwite akae nawe.

Nilikudanganya. Motu haikuchimbwa kando ya barabara. Benedik alichimba nyuma ya banda dogo, kati ya ukuta na mshelisheli, kama ulivyoandika. Mimi ndiye niliyemsomea barua yako. Alitaka kupika zegeni zamu kwa zamu, unakumbuka nilikuambia. Aliacha wazo lake akafuata neno lako.

Nilidhani nakulinda. Nilitaka uomboleze kama baba yeyote anavyoomboleza, bila kitu kingine juu yake. Sikufikiri kwamba uwongo wangu ungehitaji mtu wa kukaa ndani yake, na mtu huyo angekuwa mume wangu. Kikaoni Mjomba Alfonsi aliniuliza nami nikaangalia chini. Nimeishi na shingo ile iliyoinama tangu siku hiyo. Juzi Anyesi aliniuliza kama baba yake ni mtu mbaya. Nilikuwa nakuna nazi. Nikaacha kukuna.

Sasa nikuambie mengine, maana hayakuanza na barua yako.

Mwezi wa saba walikuja polisi wa kutegua mabomu. Walichimba pale nyuma siku tano, sisi tukilala kwa Mjomba. Walitoa makombora sitini na mawili. Hayakuwa yameanguka kutoka angani, kaka. Yalikuwa yamepangwa safu kwa safu, vichwa upande mmoja, kila safu imefunikwa turubai lililopakwa grisi. Mkubwa wao aliniita nione kwa mbali. Akasema, "Mama, aliyezika haya alikuwa mtu makini sana." Nikajua ni mkono wa nani. Ndivyo Baba alivyopanga viazi. Ndivyo alivyopanga hata viatu vyetu mlangoni.

Banda dogo lilikuwa ghala la makombora. Wamarekani walipoondoka waliacha mlango wazi na mali ndani. Baba alikuwa kijana aliyebeba mizigo yao miaka miwili, hana ardhi huku, ameoa binti wa watu, na wajomba walimwambia: ukiweza kuyafanya mabanda haya nyumba, kaa. Akayafanya. Alikata madirisha kwa patasi, akapasua mapipa akaunganisha banda na banda, akasugua namba za jeshi mlangoni mpaka mikono ikatoka damu. Mama alitusimulia hayo tukacheka. Hakutusimulia kilichokuwa ndani ya banda dogo. Labda naye hakuambiwa.

Ndiyo maana udongo ulikuwa laini. Ulikuwa umechimbwa.

Nakumbuka kitu kimoja, nawe hukuwepo, ulikuwa misheni. Nilikuwa na miaka sita. Alikuja bwana wa serikali, mweupe, soksi ndefu, na karani. Karani akauliza, "Mzee, hapa pana mabomu? Mahali pakikutwa na mabomu watu wanahamishwa, mabanda yanavunjwa." Baba akasema, "Hakuna, bwana. Ni bati tu na watoto." Nilikuwa nimemshika kidole. Kililowa jasho mpaka kikaniteleza. Walipokwenda alikaa kwenye ngazi, akaniambia, "Emarita, moto ni zegeni tu. Hata nikifa." Nikaahidi.

Niliahidi, kaka. Halafu barua yako ilipofika nikasema moyoni, Baba alikuwa mzee mwenye mambo yake, na kaka ndiye mwenye neno. Sikukuandikia kukuambia niliahidi. Ingechukua wiki mbili tu.

Basi hukufanya peke yako. Lakini Benedik ndiye pekee kati yetu ambaye hakufanya lolote ila kuchimba alipoambiwa, na ndiye pekee aliyefukuzwa. Mwandikie Mjomba Alfonsi. Kama hutaandika, Jumapili ya pili ya Oktoba nitasimama kanisani niseme mwenyewe mbele ya watu wote. Ningependa itoke kwako.

Emarita


Suva
30 Septemba 1984

Emarita,

Nimemwandikia Mjomba Alfonsi. Nimemweleza yote na kumwomba aisome kikaoni kwa sauti, yaani mwalimu amsomee. Benedik nimemwandikia pia. Sikujua namwita nini. Niliandika "Shemeji", nikachana karatasi, nikaandika tena "Shemeji".

Usiniambie tena kwamba sikufanya peke yangu. Najua unataka wema. Acha.

Ulipoandika uwongo wako niliweza kulala saa tatu, nne. Nilikuwa na mtu wa kumchukia na chuki inalaza. Sasa silali, lakini sikuambii urudishe. Ungenificha, ningekuja Krismasi na gauni mkononi, ningesimama juu ya pale pale nikiwalaani watu.

Mwanzoni nilimchukia Baba wiki nzima. Yote hayo kwa hamu ya nyumba tu! Kisha nikakumbuka mimi nimelala chini ya bati lake miaka kumi na minne, mkavu, mvua ikipiga. Hata chuki hiyo sikuweza kuimaliza.

Nina ombi moja. Uliniandikia kuwa uso wa Mareta ulikuwa mzima, na kwamba hakuteseka. Hukuniandikia alikuwa anafanya nini. Alikuwa amekwenda pale nyuma kufanya nini? Niambie kama ilivyokuwa, usilainishe.

Leonsio


Vatukasi
28 Oktoba 1984

Kaka Leonsio,

Benedik alirudi Jumanne. Alisimama barabarani na mfuko wake, hakuvuka lango, ingawa Mjomba Alfonsi alikuwa amekwisha kumwambia njia ni nyeupe. Nilimwita mara tatu nikasahau kwamba sikio la upande wangu halisikii. Anyesi ndiye aliyetoka akamvuta kwa suruali. "Baba, unaziba njia ya kuku." Akaingia.

Barua yako kwake ameisoma. Hajaniambia imesema nini, ila ameiweka ndani ya Biblia yake, si kwenye kopo la karatasi. Anakaa nayo. Mpe muda.

Polisi wanasema pale nyuma ni salama sasa, kwingine hawana hakika. Wajomba wamesema tukitaka kuhama tutapewa mahali juu mlimani. Hatujaamua. Benedik anazunguka mabanda akiyagongagonga kwa ngumi ya kushoto, kama mtu anayenunua ng'ombe. Mimi naogopa kila kijiko kikianguka.

Sasa ombi lako. Nimeliahirisha mpaka mwisho wa karatasi.

Asubuhi ile Mareta alikuwa ameketi kwenye ngazi ya banda kubwa na Anyesi, mbali kabisa na moto. Alikuwa anamfundisha kupiga mluzi. Benedik aliita kutoka nyuma kwamba majani ya mgomba ya kufunikia yamepungua. Nilikuwa na rundo la majani miguuni pangu. Nikasema, "Mareta, mpelekee."

Akasema, "Shangazi, ngoja kidogo, huyu karibu anaweza."

Nikasema, "Mluzi hautaivisha nguruwe wa babu yako. Nenda sasa."

Ndivyo nilivyosema. Hakununa. Alibeba majani kichwani, akaenda akipiga mluzi huo huo polepole, ili mwenzake aendelee kuusikia na kuuiga. Nilimsikia mpaka alipopinda kona ya banda, na baada ya kupinda nilimsikia bado.

Hilo sikumwambia mtu, hata Padri. Umelijua wewe.

Anyesi anaweza sasa. Aliweza mwezi wa tisa, ghafla, akiwa anachota maji. Anapiga mchana kutwa, wakati wa kula, wakati wa sala. Majirani wanasema mtoto wa kike asiachwe hivyo. Sisi hatumkatazi.

Mdogo wako,
Emarita